WAYA WA MWISHO: Historia ya Ukiritimba wa Njia na Suala la Usawa wa Intaneti Nchini Marekani

Kila tunapofika kwenye somo la ukiritimba katika madarasa ya siasa, swali moja hujirudia. Mwanachuo husimama na kusema: "Ndugu mkufunzi, ikiwa huduma ni mbaya na bei ni kubwa, kwa nini mnunuzi asihamie kwa muuzaji mwingine? Si ndiyo kazi ya ushindani?" Swali hili si dogo, wala anayeliuliza si mtu wa kubezwa. Likijibiwa kwa kaulimbiu, mwanachuo ataondoka na kaulimbiu. Hataondoka na elimu. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa historia ya jambo moja katika nchi moja, yaani biashara ya intaneti ya majumbani nchini Marekani.

Tumeichagua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko intaneti ilikozaliwa, na ndiko soko huria linakosifiwa kwa sauti kubwa. Ikiwa ushindani peke yake unatosha kumlinda mtumiaji wa intaneti, basi hapo ndipo mahali pa kuushuhudia. Pili, mabishano ya nchi hiyo juu ya jambo hili yamewekwa wazi katika sheria, katika maamuzi ya serikali na katika hukumu za mahakama. Mwanafunzi wa historia hana haja ya kubahatisha.

Hoja yetu kuu ni hii. Suala linaloitwa usawa wa mtandao halikuzaliwa na intaneti. Ni suala la zamani la njia na mwenye njia. Pale ambapo waya unaoingia nyumbani kwa mwananchi ni mmoja, au ni miwili, mwenye waya hupata uwezo wa kuamua nini kipite, kwa kasi gani na kwa malipo ya nani. Na kanuni ya kumzuia, isiyogusa swali la nani anamiliki waya na nani anaruhusiwa kuutumia, hubaki ikining'inia kwenye kura moja.

MAANA YA USAWA WA MTANDAO

Usawa wa mtandao ni kanuni kwamba kampuni inayomfikishia mwananchi intaneti isizuie, isicheleweshe wala isipendelee yale yanayopita katika waya wake kwa kuangalia yametoka kwa nani au nani kalipa zaidi. Barua ya mkulima, gazeti dogo la wilayani na sinema ya kampuni kubwa, vyote vipite kwa masharti yaleyale.

Tutumie mfano. Fikirini mto mpana wenye pantoni moja. Mwenye pantoni akitoza nauli ileile kwa kila gunia, wachuuzi watashindana kwa ubora wa bidhaa zao. Lakini siku mwenye pantoni atakapofungua genge lake la samaki ng'ambo, ataona faida ya kumwambia mchuuzi wa samaki: "Wewe subiri zamu ya jioni." Samaki wataharibika. Hakuna aliyemkataza mchuuzi yule kuuza samaki. Hata hivyo biashara yake imekufa. Na mnunuzi wa ng'ambo, asiyejua yaliyotendeka mtoni, atadhani kwamba mchuuzi ndiye mwenye samaki wabovu.

Katika mfano huu kuna mambo mawili. La kwanza ni mwenendo wa mwenye pantoni: je, anabagua au habagui? La pili ni idadi ya pantoni: je, iko moja au ziko kumi? Zikiwa kumi, mbaguzi atakimbiwa na wateja. Ikiwa moja, atakimbiwa aende nani, na kwa njia ipi? Wamarekani wamebishana juu ya jambo la kwanza kwa zaidi ya miaka 20. Historia yao wenyewe inaonyesha kwamba jambo la pili ndilo mzizi wa la kwanza.

TELEGRAFU NA SIMU: 1860 HADI 1934

Mwaka 1860 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia ujenzi wa laini ya telegrafu hadi pwani ya Pasifiki. Kwa kuwa fedha za umma zilihusika, sheria iliweka sharti: ujumbe wa mtu yeyote au kampuni yoyote upelekwe bila upendeleo, kwa kufuata zamu ya kupokelewa, isipokuwa ujumbe wa serikali ambao ungetangulia. Msomaji aone kwamba kanuni ya usawa wa njia imekuwamo katika sheria za nchi hiyo tangu kabla ya simu, kabla ya redio, na kabla ya taa ya umeme kuingia majumbani.

Hata hivyo, sharti hilo lilihusu laini ile. Halikuzuia makampuni ya telegrafu kumezana. Kufikia mwaka 1866 kampuni ya Western Union ilikuwa imewameza wapinzani wake wawili wakubwa, ikawa bwana wa telegrafu kwa karibu nchi nzima.

Kisha ikaja simu. Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1876, na kwa miaka kumi na saba kampuni yake ililindwa na sheria dhidi ya washindani. Hataza za Bell zilipokwisha muda wake mwaka 1893 na 1894, makampuni madogo na vyama vya wakulima vilianzisha simu zao kwa maelfu, hasa vijijini, mahali ambapo kampuni ya Bell haikuona faida. Huo ulikuwa ushindani wa kweli. Lakini ulikuwa na kasoro: mitandao haikuunganishwa. Mfanyabiashara wa mjini alilazimika kuweka simu mbili mezani, kila moja ya kampuni yake, kwa sababu mteja wa kampuni moja hakuweza kuongea na mteja wa kampuni nyingine.

Kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa silaha ya AT&T, kampuni mama ya Bell. Yeye ndiye aliyekuwa na laini za masafa marefu, na alikataa kuwaunganisha wapinzani wake. Kampuni ndogo iliyokatiwa njia ya kwenda miji mingine ilinyauka, kisha ikanunuliwa. Chini ya uongozi wa Theodore Vail, aliyeshika urais wa kampuni mwaka 1907, ununuzi huo ulifanywa kwa bidii; na mwaka 1909 AT&T ilinunua hisa za kutosha kuitawala hata Western Union. Mwaka 1910 sheria iliyaweka makampuni ya simu na telegrafu katika kundi la wachukuzi wa umma, kama reli. Desemba 1913, kwa kuogopa kesi ya serikali, AT&T iliahidi kuiachia Western Union na kuwaruhusu wapinzani kutumia laini zake za masafa marefu. Mwaka 1934 Bunge lilitunga Sheria ya Mawasiliano na kuunda Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ambayo hapa chini tutaiita Tume.

Tuelewe vizuri maana ya mapatano haya. Dola ilimwachia AT&T ukiritimba wake, naye akakubali wajibu wa mchukuzi wa umma: kumhudumia kila anayekuja, kwa bei zinazojulikana, bila kumbagua. Ukiritimba ulibaki, lakini ulifungwa kamba.

KAMBA ILIPOKAZWA, MILANGO ILIFUNGUKA

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. AT&T ilikataza wateja wake kuambatisha kitu chochote katika simu zake. Ilifikia hatua ya kupiga vita kikombe kidogo kilichobandikwa mdomoni mwa simu ili jirani asisikie mazungumzo. Kesi ya kikombe hicho ilidumu miaka, hadi mahakama ya rufani ilipoamua mwaka 1956 kwamba mteja ana haki ya kukitumia. Mwaka 1968 Tume ilitoa uamuzi mkubwa zaidi, uliohusu kifaa cha Mtexas mmoja cha kuunganisha redio ya upepo na simu: mteja aruhusiwe kuunganisha kifaa chochote, mradi hakiharibu mtandao.

Uamuzi huo unaonekana kama jambo la mafundi. Matokeo yake yalikuwa ya kihistoria. Kwa sababu yake mtu aliweza kununua modemu dukani, akaichomeka katika waya wa simu, na kompyuta mbili zikazungumza bila kumwomba mwenye waya ruhusa. Mwaka 1980 Tume ikatenganisha mambo mawili: kazi ya kuchukua ujumbe, ambayo ingebaki chini ya masharti ya mchukuzi wa umma, na kazi ya kuuchakata ujumbe kwa kompyuta, ambayo ingekuwa huru. Mwaka 1984 AT&T yenyewe ilivunjwa kutokana na kesi ya serikali, na simu za mitaa zikagawiwa makampuni saba ya kanda.

Matunda yalionekana miaka ya 1990. Mwananchi wa Marekani aliyetaka intaneti alipiga simu kwa kampuni aliyoitaka, na kampuni ya simu haikuwa na haki ya kumchagulia ampigie nani. Mtu mwenye chumba, modemu kadhaa na laini za simu aliweza kuanzisha kampuni ya intaneti. Yalizuka makampuni ya namna hiyo kwa maelfu. Huduma ikiwa mbovu, mteja alipiga namba nyingine.

Hapa tunapata nusu ya jibu la mwanachuo wetu. Ushindani ule haukuota wenyewe kama uyoga baada ya mvua. Ulipandwa na kanuni. Waya ulikuwa mmoja, lakini mwenye waya alikatazwa kuwa mlinzi wa mlango. Kwa hiyo juu ya waya ule mmoja walisimama washindani wengi. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilikusudia kupanua utaratibu huo, kwa kuyataka makampuni ya simu ya kanda yawakodishie wapinzani nyaya zinazoingia majumbani.

KUBADILISHA JINA ILI KUBADILISHA WAJIBU

Intaneti ya kasi ilipoanza, ilipita katika nyaya za aina mbili: ule wa simu na ule wa televisheni ya kebo. Waya wa kebo ulikuwa na historia yake. Halmashauri za miji zilikuwa zimetoa vibali kwa kampuni moja moja kulaza nyaya mitaani, na vingi vya vibali hivyo vilikuwa vya pekee. Sheria ya mwaka 1992 ilikataza vibali vya pekee, lakini kwa wakati huo mji ulikuwa umekwisha kuwa na mwenyewe. Kampuni ya pili ingechimba mitaa ileile na kupita katika nguzo zilezile kwa gharama ileile, ili kugawana wateja walewale. Mwenye waya wa kwanza, ambaye gharama zake zimekwisha kurudi, angeweza kushusha bei mpaka mgeni afilisike. Hii ndiyo sababu ya kiuchumi inayofanya nyaya za majumbani zielekee kwenye ukiritimba hata pale ambapo hakuna mtu mwovu.

Swali likawa: je, kebo ikibeba intaneti, ni mchukuzi wa umma kama simu? Machi 2002 Tume ilijibu: hapana. Ilisema kwamba kampuni ya kebo haiuzi "huduma ya mawasiliano" bali inauza "huduma ya habari", na mwenye huduma ya habari hana wajibu wa mchukuzi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Juni 2005, kwa kura 6 dhidi ya 3, mahakama ilisema kwamba Tume ilikuwa na mamlaka ya kuifasiri sheria hivyo. Jaji Antonin Scalia, ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kuwa mjamaa, alipinga. Alifananisha hoja hiyo na ya mwenye duka la chakula anayemletea mteja chakula nyumbani kisha anadai kwamba yeye hatoi huduma ya kupeleka.

Baada ya hukumu hiyo, mwaka huohuo wa 2005, makampuni ya simu nayo yakapewa uhuru uleule kwa intaneti yao. Tayari mwaka 2003 Tume ilikuwa imeanza kuondoa wajibu wa kuwagawia wapinzani waya wa simu kwa ajili ya intaneti. Yale maelfu ya makampuni madogo yalikosa pa kukanyaga. Wakati huohuo vipande vya AT&T vilikuwa vinaungana tena: kampuni ya kanda ya kusini-magharibi ilizinunua za Pasifiki, za Maziwa Makuu ya Marekani, kisha AT&T yenyewe mwaka 2005 na kuchukua jina lake, na mwaka 2006 ikainunua ya kusini-mashariki. Kampuni mbili za mashariki ziliungana mwaka 1997, na mwaka 2000 zikawa Verizon.

Hivyo ndivyo mwananchi alivyobakiwa na nyaya mbili nyumbani, na mara nyingi mmoja tu wenye kasi ya kutosha. Septemba 2014 mwenyekiti wa Tume, Tom Wheeler, ambaye zamani alikuwa msemaji wa makampuni ya kebo na ya simu za mkononi, alikiri hadharani kwamba kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde robo tatu ya kaya za Marekani hazikuwa na ushindani wa kuchagua. Na mwaka huohuo Comcast ilipotaka kuinunua Time Warner Cable kwa dola bilioni 45, ilijitetea kwamba muungano huo hautapunguza ushindani, kwa kuwa makampuni hayo mawili hayakuwa yakigombea wateja wa eneo moja. Ndugu msomaji, hebu uyapime maneno hayo. Kampuni ilitoa kukosekana kwa ushindani kuwa utetezi wake. Muungano huo uliachwa Aprili 2015, lakini mwaka uliofuata Time Warner Cable ilinunuliwa na Charter.

MIAKA ISHIRINI YA VUTANIKUVUTE

Paka akiondoka, panya hutawala. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya simu ya North Carolina, Madison River, iliwazuia wateja wake kupiga simu kwa njia ya intaneti, kwa kuwa simu hizo zilishindana na zake. Iliacha baada ya kulipa dola 15,000. Mwaka 2007 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walijaribu kushusha nakala ya Biblia kwa programu ya BitTorrent, wakathibitisha kwamba Comcast ilikuwa inakata mawasiliano ya programu hiyo kwa siri. Tume iliikemea Comcast mwaka 2008. Comcast ilikwenda mahakamani, na Aprili 2010 ikashinda: mahakama ilisema Tume haikuwa imeonyesha mamlaka ya kisheria ya kutoa amri ile.

Desemba 2010 Tume ilitunga kanuni mpya. Verizon ilikwenda mahakamani, na Januari 2014 ikashinda kwa sehemu kubwa. Mahakama ilisema kwa ufupi: mmekataa kuwaita hawa wachukuzi wa umma, basi msiwatwishe wajibu wa wachukuzi wa umma. Mwezi uliofuata Netflix, iliyokuwa ikilalamika kwamba sinema zake zinafika kwa wateja wa Comcast zikikwama, ilikubali kuilipa Comcast ili iunganishwe moja kwa moja. Baada ya malipo, kukwama kulikwisha. Comcast ilisema hiyo ni biashara ya kawaida ya kuunganisha mitandao. Iwe hivyo, lakini ni dhahiri kwamba aliyekuwa na mateka mkononi ni yule aliyeushika mlango wa nyumba ya mteja.

Februari 2015, baada ya wananchi karibu milioni 4 kutoa maoni, Tume iliwarudisha watoa intaneti katika kundi la wachukuzi wa umma kwa kura 3 dhidi ya 2. Safari hii mahakama ya rufani ilikubali, Juni 2016. Serikali ikabadilika. Desemba 2017, chini ya Ajit Pai, kanuni hizo zilifutwa, tena kwa kura 3 dhidi ya 2. Oktoba 2019 mahakama iliruhusu ufutaji huo, ila ikasema Tume haina nguvu ya kuyakataza majimbo yote kutunga sheria zao. Aprili 2024 kanuni zikarudishwa, kwa kura 3 dhidi ya 2. Na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufani ya mzunguko wa sita ilizitupa, kwa kutegemea hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2024 iliyosema majaji hawalazimiki tena kufuata tafsiri ya sheria inayotolewa na vyombo vya serikali. Kinachosimama sasa ni sheria za majimbo, hasa ya California ya mwaka 2018.

Katika vita hivi umma ulisikilizwaje? Mwaka 2017 Tume ilipokea maoni zaidi ya milioni 22. Mwaka 2021 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitangaza matokeo ya uchunguzi wake: karibu milioni 18 yalikuwa ya uongo. Maoni milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyogharamiwa na makampuni makubwa ya intaneti, kwa kutumia majina ya watu ambao hawakuyatoa. Lakini uaminifu unatutaka tuseme pia upande wa pili: maoni milioni 7.7 ya kuunga mkono usawa yalitungwa na kijana mmoja wa chuo, mwenye miaka 19, kwa kutumia mashine ya majina bandia. Mwenye hoja ya haki akiitetea kwa hila huwapa wapinzani wake fimbo.

Uaminifu unatutaka tuseme na jambo la pili. Baada ya kanuni kufutwa, wako waliotabiri kwamba intaneti ya Marekani ingekatwa vipande kwa siku chache. Haikuwa hivyo. Sheria za majimbo, macho ya umma na hofu ya kanuni kurudi viliwafanya wenye nyaya watembee kwa tahadhari. Hata hivyo mwaka 2018, wakati zimamoto wa wilaya ya Santa Clara huko California wakipambana na moto mkubwa wa misitu, Verizon ilipunguza mno kasi ya intaneti ya gari lao la mawasiliano kwa sababu walivuka kiwango cha kifurushi. Kampuni ilikiri kosa, ikasema halihusiani na kanuni za usawa. Mahakama ya mwaka 2019 ililiona vingine: iliitaja Tume kuwa ilishindwa kutafakari usalama wa umma ilipofuta kanuni. Ubaya wa nguvu isiyo na kamba hauhesabiwi kwa makosa yaliyokwisha tendeka peke yake. Huhesabiwa pia kwa swali la mtu aliyekosewa: nimlalamikie nani?

NJIA NYINGINE ILIYOJARIBIWA

Wakati wakubwa wakivutana Washington, miji kadhaa ilishika swali kwenye mzizi. Mfano ni Chattanooga, Tennessee. Mji huo unamiliki shirika lake la umeme, EPB, lililoundwa mwaka 1935. Lilipoamua kulaza nyaya za faiba, makampuni ya kebo yalilipeleka mahakamani, yakashindwa. Shirika likapata pia ruzuku ya serikali kuu ya dola milioni 111, na mwaka 2010 likaanza kuwapa wateja wake wote kasi ya gigabiti moja, wakati miji mikubwa ya nchi haikuwa nayo.

Majirani wa vijijini waliomba waunganishwe. Sheria ya jimbo ilikataza: EPB isiuze intaneti nje ya eneo lake la umeme. Mwaka 2015 Tume ilijaribu kuiondoa sheria hiyo pamoja na ya North Carolina. Mwaka 2016 mahakama ikaamua kwamba Tume haina uwezo huo. Tutafakari picha hii: wanakijiji wasio na intaneti nzuri, shirika la umma lililo tayari kuwapa, na sheria imesimama katikati, nayo inaitwa sheria ya kulinda ushindani.

Wamarekani walikwisha kuliona jambo kama hili. Katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja katika kumi lililokuwa na umeme, kwa kuwa makampuni hayakuona faida mashambani. Mwaka 1935 serikali ya Roosevelt iliunda chombo cha umeme vijijini, na kwa mikopo yake wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakasimamisha nguzo wenyewe. Mwaka 1949 mikopo hiyo ilipanuliwa hadi kwenye simu. Leo vingi vya vyama hivyo vya ushirika vinalaza faiba juu ya nguzo zilezile za wazee wao.

Tusije tukajidanganya kwamba umiliki wa umma peke yake ni dawa. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua kwamba shirika la umma lilikuwa na ukiritimba wa simu hadi mageuzi ya mwaka 1993, na wazee wetu waliokuwa wakisubiri laini ya nyumbani kwa miaka mingi wanakumbuka utamu na uchungu wake. Mwenye njia akiwa dola na asihojiwe, naye hutia maji tembo. EPB ilifaulu kwa kuwa mlalamikaji alikuwa jirani na mpiga kura wa mji uleule. Wala tusipuuze teknolojia: katika miaka ya karibuni intaneti ya nyumbani kupitia minara ya simu na setilaiti imewapa kaya nyingi za Marekani chaguo la ziada. Lakini minara ni ya makampuni yaleyale machache, na setilaiti ni za mabwana wachache zaidi.

MAFUNZO

Historia hii ina mafunzo matatu.

Kwanza, ushindani ni mmea wa kupandwa. Ulistawi Marekani pale sheria ilipomtaka mwenye waya awape wengine nafasi, na ukanyauka pale sharti hilo lilipoondolewa.

Pili, tuangalie majina. Hakuna waya hata mmoja uliobadilika Machi 2002. Lilibadilika jina, na kwa jina hilo wajibu wa karne nzima ukafutika.

Tatu, kanuni inayotegemea kura ya tatu katika watu watano si ngome. Imewekwa, imefutwa, imerudishwa na imetupwa katika muda wa miaka kumi. Kanuni ni ya lazima, lakini haisimami imara bila wananchi kuwa na sauti juu ya njia yenyewe.

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2014 mpango wa Facebook wa kuwapa watu intaneti ya bure yenye kurasa chache zilizochaguliwa ulifika Tanzania na Kenya kwa ushirikiano na makampuni ya simu. India ilitafakari jambo hilohilo, na Februari 2016 ikapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kuangalia mteja anasoma nini. Kwetu bado tunanunua vifurushi vyenye bei moja kwa programu fulani na bei nyingine kwa intaneti yote. Kinachotolewa bure hufurahisha. Lakini aliyechagua kipi kiwe bure ndiye mwenye pantoni.

Sasa tumrudie mwanachuo wetu. Aliuliza kwa nini mnunuzi asihamie kwa mwingine. Jibu ni kwamba kuhama kunahitaji mahali pa kuhamia, na mahali hapo hapajengwi na mnunuzi mmoja mmoja aliyekasirika. Hujengwa na watu waliokaa pamoja wakaamua juu ya njia. Kwa hiyo, Ndugu, siku mafundi watakapokuja wilayani kwako kuchimba mtaro wa faiba, usiulize kasi na bei tu. Uliza na haya: waya huu wa mwisho ni wa nani, nani mwingine ataruhusiwa kuutumia, na tukikosewa tutamwendea nani? Ukikosa majibu, itishe mkutano kabla mtaro haujafukiwa.